Mwiko wa Benchi

Emmett Grubbs alikuwa wa kwanza kuona kwamba dogo hatoki jasho.

Ilikuwa raundi ya nne ya mechi ya besiboli, Jumapili ya Agosti baada ya ibada, na mji wa Corley ulikuwa unatokota. Moshi wa viwanda vya mbao ulisimama juu ya uwanja bila kwenda kokote, maana hapakuwa na upepo wa kuusukuma. Mashabiki walijibanza upande wenye kivuli, akina mama wakijipepea kwa pepeo za kanisani. Wachezaji wote walikuwa wamelowa chepechepe ndani ya sare zao za sufu. Lakini Arne Haugland, aliyesimama katikati ya jua juu ya kituta cha mrushaji, alijipangusa paji la uso kwa mkono wa shati, na shati likabaki kavu.

Emmett aliliona hilo kwa sababu kuona ndiyo kazi iliyomla ujana. Kabla ya kuwa kocha alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha waya usoni, akidaka mipira inayokuja kama imetumwa kumuua. Mdakaji ndiye anayemwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira wa namna gani, na ndiye anayetakiwa kujua kwamba mrushaji amechoka kabla mrushaji mwenyewe hajajua. Katika hilo Emmett hakuwa na mpinzani. Gongo la kupigia mpira ndilo lililomkataa. Kwa hiyo alizunguka ligi za chini mji baada ya mji, akiuzwa na kubadilishwa kama baiskeli kuukuu, na Ligi Kuu aliionja majuma mawili tu, mwaka ambao mdakaji wa timu moja kubwa alivunjika kidole gumba. Magoti yalipogoma, wakampa timu afundishe. Sasa alikuwa na vidole vilivyopinda kila kimoja na upande wake, mke kule Ohio aliyeacha kuuliza mumewe yuko mji gani, na timu ya Wapasua Mbao wa Corley, Mississippi, ambayo nusu yake ni vijana wanaopanda na nusu ni wazee wanaoshuka.

Arne alikuwa wa kupanda. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu kama nguzo ya simu, pua imeiva kwa jua, na alitoka kaskazini kabisa mwa Minnesota, ambako watu huendesha magari juu ya ziwa lililoganda na kutoboa tundu kwenye barafu wavue samaki. Habari hiyo ya ziwa kila mtu kwenye basi la timu aliijua, kwa kuwa Arne aliisimulia kila safari. Dogo alikuwa na mdomo. Alipenda kukaa kiti cha nyuma ya kocha, na maswali yake hayakuwa na kituo.

"Kocha, eti kweli uliwahi kudaka mechi nzima kidole kimevunjika?"

"Lala, dogo."

"Kidole kipi? Hicho kilichopinda, au hicho kingine kilichopinda?"

Basi zima likaangua kicheko. Emmett, ambaye kucheka hakukuwa fani yake, alivuta kofia ikamfunika uso ili wasimwone.

Baba wa Arne, mchimba madini ya chuma, alipiga simu mara moja tu, mwezi wa Juni, siku kijana alipofika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Hajawahi kukaa mbali na nyumbani," alisema. "Naomba umwangalie." Emmett akamjibu, "Ondoa shaka, nitamwangalia kama wangu." Aliyasema hayo bila kuyafikiria, kama watu wanavyoyasema.

Sasa alikuwa anamwangalia, na alichokiona hakikumpendeza. Angetakiwa kuinuka, atembee hadi kwenye kituta na kumuuliza anajisikiaje. Ni jambo la kawaida, makocha hulifanya kila siku. Hakuinuka. Aligeuza macho akatazama ubao wa matokeo uliokuwa nyuma ya uwanja, na ubao ukamwambia kile ambacho benchi nzima ilikwisha kukijua na hakuna aliyethubutu kukitamka. Watu wa Dunmore, wapinzani wao, walikuwa hawajaupiga mpira wa dogo ukawafikisha popote. Walikuwa wanazungusha magongo hewani wanarudi kuketi. Raundi tisa za namna hiyo, mwanzo hadi mwisho, ndiyo huitwa mechi bila pigo, na kuna warushaji wanaostaafu bila kuijua ladha yake.

Na mechi bila pigo ina mwiko wake. Mchezo huu umejaa miko ya kipuuzi, lakini huu watu wazima wenye ndevu zao na watoto nyumbani wanaushika kuliko amri za kanisani. Mrushaji akiwa njiani kuelekea mechi bila pigo, hasemeshwi. Hakuna kuketi karibu naye, hakuna kumgusa, hakuna kuitaja hali yenyewe. Kitu chochote kilichokuwa mahali fulani kinabaki hapo hapo, hata maganda ya alizeti yaliyotemwa sakafuni. Mdomo mmoja ukiponyoka, kazi yote imekwenda na maji.

Emmett aliyajua hayo kuliko wote, kwa sababu mdomo ulioponyoka ulikuwa wake. Akiwa kijana kule Texas alimdakia mtu aliyeitwa Roy Maddox raundi nane bila pigo. Walipokuwa wanatoka kwenda kumaliza, Emmett alimpiga kofi la mgongo akasema, "Bado watatu tu, kaka." Mpigaji wa kwanza akaupiga mpira ukaenda kudunda kwenye ukuta wa nyuma. Maddox hakumsemesha tena, na haikupita muda Emmett akauzwa. Jina likamtangulia kila alikokwenda. Mdomo Grubbs anakuja, jamani, ficheni watoto! Warushaji wengine walikataa katakata kurusha kwake. Miaka ilivyokwenda, mwenyewe akafika mahali pa kuamini kwamba Ligi Kuu aliipoteza siku ile, kwa maneno manne.

Kwa hiyo alitulia kwenye kona yake ya benchi, akatafuna kijiti, akajiambia kwamba watoto wa kaskazini huenda hawatoki jasho kama sisi.

Dunmore walipomaliza zamu yao katika raundi ya tano na zamu ya kupiga ikawa ya Corley, Arne alirudi benchini akaenda kuketi mwisho kabisa, mkono wa kushoto. Mwanzoni mwa mchezo palikuwa na watu pale, na yeye alikuwa anawasimulia habari za samaki. Sasa wenzake walikuwa wamehama mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, mpaka mbao tupu ikabaki baina yake na wao. Pipa la maji lilikuwa mwisho wa pili, mkono wa kulia. Ili kulifikia ingembidi apite mbele ya wote, na wote wangeinamisha vichwa kama watu wanaopishana na jeneza.

Alichukua koti lake la sufu akalivaa. Hilo halikuwa la ajabu, warushaji hufunika mkono wa kurushia wakiwa wamekaa ili usipoe. Lakini Arne alilivaa mikono yote miwili, akafunga vifungo hadi shingoni, akajikunyata. Emmett alimtazama kwa jicho la pembeni, akaona vinyweleo vimemsimama shingoni. Mtu alikuwa anatetemeka kwa baridi Mississippi, mwezi wa Agosti.

Virgil Stubbs, mzee aliyekuwa mtunza majeruhi wa timu na pia dereva wa basi, naye aliona. Akalowesha taulo kwenye ndoo ya barafu, akalikamua, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Emmett akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nampelekea dogo kitambaa. Hebu mwangalie alivyo."

"Keti, Virgil."

"Kocha, mtoto anatetemeka."

"Ni wasiwasi huo. Hata mimi ningetetemeka. Keti, bwana, usituletee nuksi."

Virgil akaketi shingo upande, taulo likimdondokea maji kwenye viatu. Lilikuwa limeshakauka raundi ya saba ilipoanza.

Katika raundi ya sita Arne aliwatoa watatu, wa mwisho akiondoka na gongo lake huku anatukana. Mashabiki wakapiga makofi, hata mchungaji wa Wabatisti akasimama. Arne akashuka kwenye kituta, akaanza kutembea kuelekea benchi la Dunmore. Alikwenda taratibu, mikono ikining'inia, hadi akafika mstari wa chokaa, na watu wa Dunmore wakaanza kumkaribisha.

"Karibu, mwanangu! Ukija huku tutafurahi zaidi!"

"Njoo kwetu, huko wanakunyima hata salamu!"

Uwanja ukacheka. Walidhani dogo anawachezea shere, maana walimjua kwa mizaha. Arne akasimama, akawatazama mmoja mmoja kama anayetafuta sura anayoijua, kisha akageuka akarudi upande wake. Benchini kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake. Ni Emmett peke yake aliyemwangalia usoni alipopita, na akakutana na macho yaliyokuwa wazi lakini hayana mwenyewe. Alikwisha kuyaona macho hayo mara moja, kwa farasi wa baba yake aliyelimishwa siku ya jua kali hadi akaanguka na jembe.

Hapo ndipo alipojua. Mambo yote yaliyofuata aliyafanya akiwa anajua, na asije mtu akamtetea.

Mdakaji wa Corley alikuwa Chuy Barrientos, kijana wa mpakani mwa Texas, mfupi, mpole, anayeweza kupokea mipira ya Arne bila kupepesa. Katikati ya raundi ya saba, wakati wenzao wakipiga, alikuja kuchuchumaa mbele ya Emmett akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Kocha, dogo hayuko sawa."

"Anarusha vizuri."

"Anarusha anachotaka. Mimi natoa ishara ya mpira wa kupinda, unakuja wa kasi. Natoa ya kasi, nao unakuja kichwani kwa mtu. Yule mpigaji wa mwisho angekufa, Kocha. Nimemfuata pale juu nikamuuliza unaziona ishara zangu? Akaniambia barafu haijakaza bado, tusikanyage."

"Umemsemesha?"

"Nimemsemesha, ndiyo! Nimemshika na mkono. Kocha, ngozi yake imekauka, ina moto kama bomba la basi. Mtoe."

Emmett alitafuna kijiti hadi kikakatika. "Nikimtoa," akasema, "ataniuliza maisha yake yote kwa nini nilimtoa. Wewe hujui. Mtu hapati nafasi mbili. Bado kidogo tu."

"Basi apewe maji."

"Nenda kavae kinyago chako, Chuy."

"Kocha, wewe umedaka. Ungekuwa wewe pale, ungefanyaje?"

Chuy akainuka, na kabla ya kuondoka akalitazama pipa la maji, kisha akamtazama Boyd Rafferty, aliyeketi kando ya pipa hilo ameegemea ukuta. Rafferty alilinda kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia akishapiga. Alikuwa mzee kuliko wachezaji wote, ameshuka kutoka juu ngazi baada ya ngazi, na vijana walimwogopa. Rafferty alitikisa kichwa mara moja, kuwa hapana. Chuy akaenda zake.

Raundi ya nane ilikuwa mbaya kuitazama. Arne alipanda kituta akiyumba, akasimama akiwa amempa mpigaji mgongo hadi mwamuzi akamwita. Mipira yake ikawa haina mwelekeo. Wawili wa Dunmore walipewa kituo cha kwanza bure, bila kupiga, kwa kuwa mipira ilipita pembeni na juu, na hilo haliharibu mechi bila pigo. Mmoja alizungusha gongo ili tu atoke pale mbele, aende zake salama. Mwingine alipiga mpira wa hewani, mlinzi akaudaka. Wa mwisho akaugonga mpira ukaviringika hadi mikononi mwa Rafferty. Mashabiki walikuwa wamesimama wote sasa, lakini hawapigi kelele. Walikuwa wananong'ona, na mnong'ono wa watu wengi hivyo, chini ya jua lile, ulimkera Emmett kuliko zomeazomea.

Arne alirudi akaketi mahali pake. Hakulivaa koti. Alilishika mapajani, akawa anakichezea kifungo kimoja, anakifunga, anakifungua. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mara moja aliinua kichwa, akatazama kule walikobanana wenzake, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Wote kwa pamoja wakageuka kuangalia uwanja. Akaufunga mdomo.

Emmett akasimama.

Magoti yakalia. Alikwenda kwenye pipa, akachukua kikombe cha karatasi, akakijaza hadi pomoni. Maji yakamwagikia vidole vyake vilivyopinda. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea kushoto. Alipita wa kwanza, akapita wa pili. Wakawa wanakunja miguu kumpisha, na nyuso zao zilimtazama kwa hofu ya kweli, kama watu wanaomwona mtu anabeba kiberiti kwenye ghala la petroli. Aliifikia ile mbao tupu. Kutoka hapo hadi kwa Arne ilikuwa hatua chache za mtu mzima.

"Kocha," Rafferty akasema nyuma yake.

Emmett akasimama.

"Usithubutu." Rafferty hakupandisha sauti. "Sisi sote tunamtakia mema dogo. Usimfanyie ulichomfanyia Maddox." Kisha akaongeza neno moja. "Mdomo."

Hakuna aliyemwita jina hilo tangu aache kucheza. Hakujua hata kama linajulikana Corley. Damu ikampanda usoni, na katika umri wake wote, mbele ya vijana aliowafundisha kufunga kamba na kutumia akili, alijisikia mtoto aliyekojoa darasani. Alitazama kikombe. Alimtazama Arne, ambaye naye alikuwa anakitazama kikombe, anakitazama vile vile bila kukohoa wala kunyoosha mkono.

Emmett akainua kile kikombe, akayanywa maji yote mwenyewe, akarudi kwenye kona yake.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Raundi ya tisa Arne aliuacha mpira wake wa kwanza ukapaa hadi kwenye wavu wa nyuma. Kisha, Mungu ndiye anayejua kwa nguvu zipi, akarusha mitatu ambayo hata Chuy hakuiona vizuri, na mpigaji akaondoka anatikisa kichwa. Wa pili akapiga juu, mpira ukapotea kwenye jua, ukarudi ukaangukia kwenye glovu ya Rafferty. Wa tatu alikuwa jitu la Dunmore, fundi wa gongo, na jitu hilo likaogopa. Emmett aliliona kwa jinsi lilivyosimama mbali na sahani, lile bamba la chini anaposimama mpigaji. Lilizungusha mara ya kwanza, likakosa. Likazungusha tena, likakosa. Mpira wa tatu likaufuata huku limefumba macho, likakosa.

Uwanja ukalipuka. Kofia zikaruka, mchungaji akamkumbatia mwuza karanga. Wachezaji wa Corley wakamiminika kutoka benchini wakipiga mayowe, kwa sababu mwiko ulikuwa umekwisha na sasa kila mtu alikuwa na haki ya kusema. Wakamkimbilia Arne wote kwa mara moja, midomo wazi, mikono juu.

Arne alikuwa amekwisha kuinua mguu kurusha mpira mwingine. Hakuwa na habari kwamba mechi imekwisha. Alipoona kundi lile linamjia, uso wake ukajaa hofu, akarudi nyuma, akainua mikono kujikinga kichwa, kama mtu aliyejua siku zote kwamba watakuja kumpiga. Chuy alimfikia kwanza. Alimdaka akiwa anaanguka, akageuka akawapa wenzake mgongo, akapiga kelele kwa Kihispania, halafu kwa lugha yao.

"Tokeni! Tokeni juu yake! Leteni maji, washenzi nyie!"

Wale wa mbele walisimama, wale wa nyuma wakaendelea kurukia, wakicheka, hadi walipoona miguu ya dogo inavyorukaruka kwenye vumbi. Emmett aliwasukuma kwa viwiko akapiga magoti. Virgil alikuwa anammwagia ndoo nzima ya barafu kifuani, na barafu ilikuwa inayeyuka pale pale ilipoangukia. Miguu ikatulia. Macho ya Arne yakazunguka, yakampata Emmett, na kwa mara ya kwanza tangu raundi ya nne mwenyewe akarudi ndani yake kidogo.

"Kocha," akasema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa. Umefanya kazi kubwa."

"Nimewakosea nini?"

"Hujakosea kitu! Umeshinda, dogo. Umewamaliza wote."

Ni kama hakusikia. "Mbona hamnisemeshi?" akauliza. "Niambieni nimekosa nini, nitaomba radhi." Halafu akaanza kusema mambo ya barafu, na baadaye hakusema tena.

Hospitali ya Corley ilikuwa ya matofali, na feni zake zilizunguka bila faida. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimwambia Emmett kwamba mwili umejipika wenyewe kwa ndani, figo zimekwisha, na ubongo asitegemee. Akachukua kalamu.

"Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa lini?"

"Raundi ya tatu."

Daktari akainua uso. "Umekumbuka vizuri hivyo?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Dalili zilianza lini? Kuchanganyikiwa, kutetemeka, ngozi kukauka?"

"Ya nne ngozi. Ya tano kutetemeka. Ya sita alikwenda benchi la wapinzani."

"Sasa, mzee, samahani." Daktari aliweka kalamu chini. "Mliona yote haya. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje?"

"Tulikuwa hatumsemeshi," Emmett akasema. Alisikia jinsi ilivyotoka.

Siku ya pili alasiri baba akafika. Alikuwa mrefu kama mwanawe, amevaa suti nzito ya kaskazini, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alisalimia kwa kichwa, akavuta kiti akaketi kando ya Emmett, upande ule ule wa kitanda, bega kwa bega. Walikaa hivyo wakimtazama Arne, ambaye kifua chake kilipanda na kushuka kwa msaada wa mashine.

"Magazeti ya kule nyumbani yameandika," baba akasema baadaye. "Wanasema ameweka historia. Mama yake amelikata, ameliweka kwenye Biblia." Akajifuta shingo. "Ahsante kwa kuwa naye."

Emmett aliitazama mashine.

"Alisema chochote? Yeye ni mwongeaji. Nilijua lazima atakuwa amesema kitu."

Emmett angeweza kumwambia hapana. Angeweza kutunga jambo zuri, amemtaja mama, amefurahi ushindi. Mchungaji yeyote angemshauri hivyo. Lakini alikwisha kunyamaza vya kutosha. Akafungua mdomo, akamwambia baba maneno aliyoulizwa na dogo pale chini, yote mawili, nimewakosea nini na mbona hamnisemeshi. Halafu, kwa kuwa maneno hayo peke yake yasingeeleweka, akarudi mwanzo. Akasema habari ya shati kavu. Akasema habari ya koti, ya taulo la Virgil, ya Chuy aliyejifanya anafunga kiatu. Akaeleza mwiko, na ndani ya chumba kile, mbele ya mtu wa machimboni, mwiko ule ulisikika kama mchezo wa watoto wa shule. Alipofika kwenye kikombe cha maji, akasema ni nani aliyekinywa.

Baba alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Aliinuka, akakibeba kiti chake, akazunguka kitanda, akakiweka upande wa pili, mbali na Emmett, akaketi na kuushika mkono wa mwanawe. Emmett alimsubiri aseme neno, lolote lile, hata la kumlaani. Nje jua likashuka, muuguzi akaja akabadilisha chupa ya dripu, akaondoka, na yule mtu hakumsemesha.